Elia chini ya mti: fundisho juu ya mfanyakazi aliyechoka moyo

1. Nabii aliyetamani kufa

Katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme imo habari ya nabii Elia. Mtu huyu alikuwa na nguvu nyingi. Alisimama mbele ya mfalme Akabu, wala hakuogopa. Juu ya mlima Karmeli aliwashinda manabii wa Baali, na watu wakaona kwa macho yao kwamba Mungu ni mmoja tu. Kazi yake ilikuwa imefaulu. Basi, mtu angedhani ya kwamba Elia aliamka kesho yake mwenye furaha. Sivyo. Malkia Yezabeli alituma mjumbe kumpasha habari kwamba atauawa. Elia akakimbia. Alipofika Beersheba alimwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake, akaenda mwendo wa siku moja. Mwisho akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amtoe roho, maana alikuwa amechoka na maisha.

Mkatekumeni azingatie vizuri jambo hili. Aliyeketi chini ya mti ule si mvivu, wala si mpagani, wala si mtu aliyelaaniwa. Ni nabii wa Mungu. Imani yake haikufa, kwa sababu alimlilia Mungu yule yule aliyemtumikia. Lakini mwili wake ulikuwa umekwisha nguvu, moyo wake umejaa hofu, na tena alikuwa peke yake. Uchovu, hofu na upweke: mambo hayo matatu yakikutana katika mtu mmoja, humwangusha hata aliye hodari. Mti mkubwa nao huanguka, mvua ikiulainisha udongo na upepo ukivuma bila kukoma.

2. Namna Mungu alivyomtunza

Je, Mungu alimkemea Elia? Alimwita mwoga? Alimwamuru asimame upesi arudi kazini? Hapana. Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa, na mtungi wa maji. Elia akala, akanywa, akalala tena. Malaika hakukasirika kwa kuwa amelala tena. Alikuja mara ya pili, akampa chakula mara ya pili, kwa sababu safari iliyobaki ilikuwa inazipita nguvu zake.

Baada ya hayo Elia alitembea siku 40, mchana na usiku, mpaka mlima Horebu. Huko Mungu akamwuliza anafanya nini mahali pale. Mungu anajua yote, hakuwa na haja ya kuuliza. Aliuliza ili Elia apate kusema. Naye Elia akasema yote: bidii yake, uchungu wake, na ya kwamba amebaki peke yake. Mungu alimsikiliza. Kisha akamwuliza tena, akamsikiliza tena. Na Mungu hakumjia katika upepo wa nguvu, wala katika tetemeko la nchi, wala katika moto. Alimjia kwa sauti ya upole.

Mwisho Mungu alimrudishia Elia kazi. Lakini hakumrudisha katika upweke ule wa kwanza. Alimjulisha kwamba katika Israeli wako watu 7,000 wasiompigia Baali magoti. Tena akampa Elisha amfuate na kumsaidia.

Basi, dawa alizotumia Mungu ni hizi: usingizi, chakula, sikio linalosikiliza, sauti ya upole, mwenzi wa kazi, na kazi iliyopimwa tena ili ilingane na nguvu za mtu. Kila anayesimamia kazi ya wengine, na kila anayefanya kazi pamoja na wengine, ajifunze dawa hizo sita.

3. Ugonjwa huu si aibu

Yaliyompata Elia huwapata watu wengi leo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019, kati ya watu 100 wenye umri wa kufanya kazi, wapatao 15 walikuwa na ugonjwa fulani wa akili. Wengi wa watu hao hawakutembea uchi sokoni wala hawakupiga kelele njiani. Walikuwa wakishika jembe, nyundo, usukani au kalamu, na wenzao hawakujua lolote. Shirika hilo lakadiria pia kwamba kila mwaka siku za kazi bilioni 12 hupotea duniani kwa sababu ya huzuni nzito na wasiwasi uliopita kiasi. Mtu wa kijijini hawezi kuona siku bilioni 12. Lakini aweza kukumbuka siku ambazo ndugu yake, aliyerudi kutoka mjini, alilala akiutazama ukuta, asitake kula wala kusalimiwa.

Ugonjwa huu una dalili zake. Usingizi hukimbia, au mtu hulala mno bila kupumzika. Chakula hakina ladha. Mtu hukasirika kwa jambo dogo. Husahau, hukosea, hujikata kwa chombo alichokizoea miaka mingi. Hujitenga na wenzake. Huumwa kichwa, mgongo au tumbo, na mganga haoni jeraha. Wengine hukimbilia pombe. Wengine husema: sina faida, ninyi mtakuwa wazima bila mimi. Kila mtu aweza kuwa na huzuni siku mbili au tatu, huo si ugonjwa. Lakini dalili hizo zikikaa majuma mawili au zaidi, na zikimzuia mtu asifanye kazi yake na asiishi na watu vizuri, yafaa apate msaada.

Nazo sababu zake ni zipi? Kazi yenyewe si adui. Mungu alimpa Adamu bustani ailime na kuitunza, kabla dhambi haijaingia duniani. Kazi njema humpa mtu chakula, heshima, marafiki na sababu ya kuamka asubuhi. Tena humsaidia aliyeugua moyoni apone. Kinachomvunja mtu ni kazi isiyo na kipimo: mzigo uliopita nguvu, saa nyingi bila pumziko, hatari isiyo na ulinzi, mshahara usiofika, amri ambazo leo ni hizi na kesho ni nyingine, matusi ya mkubwa, kuchekwa na wenzake, na hofu ya kufukuzwa kila jioni. Wengine huja kazini na jeraha walilolipata kwingine. Katika Kivu na Ituri wako wafanyakazi wengi waliokimbia vita, waliozika watoto, walioona mambo yasiyosemeka. Mikono yao inafanya kazi, lakini moyo umebaki njiani.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mzigo ulio kichwani pa mwingine huonekana mwepesi kama pamba. Asiyeubeba hajui uzito wake.

4. Mfano wa baiskeli

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya kufundisha. Lakini miji ya migodi, kama Kolwezi na Likasi, itaweza kuona sura za watu wake ndani yake.

Kijana mmoja alitoka kijiji cha kando ya mto Lualaba, akapata kazi katika mgodi wa shaba. Alikuwa hodari. Kila mwezi alituma fedha kwa mama yake, na wadogo zake wakasoma. Siku moja ukuta wa udongo ulianguka, ukamfunika mwenzake aliyekuwa akichimba hatua tatu kutoka kwake. Walimzika Jumamosi. Jumatatu kijana akarudishwa mahali pale pale, akapewa kazi yake pamoja na kazi ya marehemu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeandikwa.

Tangu siku ile hakulala. Alipofumba macho alisikia udongo ukishuka. Alipochukua sururu mikono ilitetemeka. Akaanza kuchelewa. Kapita akampigia kelele mbele ya wote: «Umekuwa mlevi wewe! Wako vijana 20 mlangoni wanaongoja nafasi yako!» Mshahara wake ukakatwa. Kijana hakujibu neno. Ni kweli alikuwa ameanza kunywa, maana pombe ilimpa saa mbili za usingizi. Lakini kabla ya mapambazuko hofu ilirudi, nayo ilikuwa kubwa kuliko jana.

Katika mgodi ule alikuwako mzee mmoja mtunza vyombo. Hakuwa mkubwa wa mtu yeyote. Jioni moja kijana alifika nyumbani kwake akisukuma baiskeli yake.

«Baba, ichukue hii. Mtoto wako ataipanda kwenda shuleni. Mimi sina haja nayo tena.»

Mzee akaiegemeza baiskeli ukutani. Angeweza kushukuru na kufunga mlango, maana baiskeli ni kitu cha thamani. Lakini alimtazama kijana usoni, akaona kwamba macho yake hayatazami kitu. Akasema:

«Kaa kwanza, mwanangu.»

Mke wa mzee akaleta bukari na sombe. Kijana akala matonge machache. Mzee hakumharakisha. Chombo kilipoondolewa, alisogeza kiti karibu, akasema kwa sauti ya chini:

«Mwanangu, mtu hatoi baiskeli yake bila sababu. Niambie kweli. Je, unawaza kujiua?»

Kijana alinyamaza muda mrefu. Kisha akafunika uso kwa mikono.

«Ndiyo, Baba.»

Mzee hakupaza sauti. Hakumhubiria. Alijua amri ya Mungu, na alijua kwamba kijana naye anaijua. Akamwambia tu: «Usiku huu utalala hapa. Kesho tutakwenda pamoja.» Akalala karibu na mlango, akiamka mara kwa mara kumsikiliza kama anapumua.

Asubuhi walikwenda zahanati ya misioni. Muuguzi alimsikiliza kijana saa nzima, akamwandikia barua ya kwenda kwa mganga wa akili. Halafu mzee akaenda kwa kapita. Hapo ndipo aliogopa kweli, kwa kuwa alikuwa na watoto sita, na kapita aliweza kumfukuza naye pia. Alivua kofia, akasema:

«Bwana Kapita, mtu huyu si mlevi. Alimwona mwenzake akifa. Tukimrudisha mahali pale, tutazika mara ya pili.»

Kapita alikasirika kwanza. Naye alikuwa na mkubwa juu yake, aliyehesabu magari ya mawe kila jioni. Lakini usiku ule hakulala. Alikumbuka ya kwamba tangu siku ya mazishi hakusema na watu wake hata neno moja juu ya marehemu. Alikuwa amesema juu ya magari tu.

Siku ya pili aliwakusanya wote kabla ya kazi. Alilitaja jina la aliyekufa, akavua kofia, na kila aliyetaka kusema akasema. Watu wanne wengine wakaungama kwamba nao hawalali. Kisha kapita akaenda kwa wakubwa, akaomba ukuta ule utengenezwe na mtu mwingine aandikwe. Kijana akawekwa kwa muda katika nyumba ya vyombo, mchana tu, pamoja na yule mzee, wala mshahara haukukatwa tena.

Kijana hakupona siku moja. Alikunywa dawa za mganga, akaenda kuzungumza naye kila mara alipoitwa. Baada ya miezi kadhaa akarudi mgodini, nusu ya siku kwanza, kisha siku nzima. Hata sasa, mvua kubwa ikinyesha, mikono yake hutetemeka kidogo. Lakini analala, anakula, anafanya kazi. Na baiskeli imerudi kwake, maana yule mzee hakuipokea iwe yake. Alikuwa akimtunzia.

5. Wajibu wa mwenye kusimamia kazi

Mfano umeonyesha kosa moja na wema mmoja wa kapita. Kosa lake ni kumhukumu mtu kabla ya kumwuliza. Wema wake ni kukubali kufundishwa na mtu mdogo kuliko yeye. Hata Musa alikubali kufundishwa. Alipokuwa akiamua mashauri ya watu toka asubuhi hata jioni, Yetro mkwewe alimtazama, akamwonya kwamba kazi ile itamchosha yeye na watu pia, kwa kuwa ni nzito kuliko nguvu za mtu mmoja. Akamshauri achague watu waaminifu, awaweke wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, wamsaidie kuchukua mzigo. Musa hakusema: mimi ni rafiki wa Mungu, sihitaji shauri. Alimsikiliza Yetro, akafanya kama alivyosema.

Ekleziya imelishika fundisho hilo. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika barua yake juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba si haki wala si utu kumkamua mtu kwa kazi hata akili yake ipumbae na mwili wake uchakae. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi iko kwa ajili ya mtu, mtu hayuko kwa ajili ya kazi. Na wataalamu wa dunia wamefika mahali pale pale kwa njia yao. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo juu ya afya ya akili kazini. Neno lake kubwa ni hili: haitoshi kumwambia mfanyakazi avumilie, yapasa kwanza kazi yenyewe itengenezwe. Tena wasimamizi wafundishwe kuitambua dalili ya taabu kwa watu wao, na aliyeugua arudishwe kazini polepole, kwa mpango.

Sheria ya nchi nayo inaweka mpaka. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaamuru kwamba kazi isipite saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma, na mfanyakazi apate pumziko kila juma. Mungu aliiweka siku ya pumziko kabla ya sheria zote hizo. Tena katika amri yake hakumtaja bwana wa nyumba peke yake. Alimtaja mtumishi, na mgeni, na hata ng'ombe.

Mkatekumeni asiseme: maneno haya ni ya kampuni kubwa, mimi sina mfanyakazi. Aliyeajiri vijana watatu kufyatua matofali ni bwana wa kazi. Mama aliyemchukua binti wa ndugu yake amsaidie nyumbani ni bwana wa kazi. Anayewalipa wanawake kupalilia mihogo ni bwana wa kazi. Basi, na ajiulize: Je, malipo nimeyatoa siku niliyoahidi? Je, nimewaambia wazi kazi ya leo ni ipi na mwisho wake ni wapi? Je, binti yule hupata kulala kabla ya mimi kulala? Je, nimewahi kumwuliza hali yake, nikangoja jibu?

6. Wajibu wa mwenzi wa kazi

Mzee mtunza vyombo hakuwa mganga. Hakusoma vitabu vya akili. Alifanya mambo matano ambayo kila mkristu na kila mkatekumeni aweza kuyafanya.

Kwanza, aliona. Kutoa vitu vya thamani bila sababu, kuaga watu kama msafiri, kusema juu ya kufa: hizo ni dalili zisizofaa kupuuzwa.

Pili, aliuliza waziwazi. Watu wengi huogopa kumwuliza mtu kama anawaza kujiua, wakidhani kwamba swali litampa wazo hilo. Sivyo. Waganga wamechunguza jambo hili, wakaona kwamba swali la upole halimsukumi mtu kufa, bali humfungulia mlango wa kusema.

Tatu, alisikiliza. Hakusema: wengine wana taabu kuliko wewe. Neno hilo halimponyi mtu, linamfunga mdomo.

Nne, hakumwacha peke yake. Usiku wa hatari mtu asiachwe, na kitu chochote awezacho kujidhuru nacho kiondolewe karibu naye. Wala mwenzi asikubali kuapa kwamba atakaa na siri hiyo. Siri zote nyingine zaweza kutunzwa, lakini siri iletayo kifo iambiwe mtu awezaye kusaidia.

Tano, alimfikisha kwa wenye kutibu, tena alikwenda pamoja naye. Kumwambia mgonjwa: nenda zahanati, ni jambo jepesi. Kutembea naye njia nzima ndilo pendo.

Bwana Yezu mwenyewe aliwatunza wenzi wake wa kazi namna hiyo. Mitume waliporudi kutoka safari ya kuhubiri, watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Yezu hakuwasifu kwa kukosa kula. Aliwachukua kando, mahali pa faragha, wapumzike kidogo.

7. Wajibu wa kijiji

Habari za yule kijana zilipofika kijijini kwao, wengine walisema: amerogwa na baba mdogo wake kwa wivu wa fedha. Wengine wakasema: afungwe kamba, aombewe mpaka pepo atoke. Katekista aliwajibu: «Mtu aliyeona mwenzake akifunikwa na udongo hahitaji mchawi ili apoteze usingizi.» Neno hilo moja lilimwokoa baba mdogo na fedheha, na likamwokoa kijana na kamba.

Yafaa ijulikane wazi. Kumfunga mgonjwa, kumpiga, kumnyima chakula, au kumshitaki mtoto au bibi kizee kwamba ni mchawi, hayo si maombi wala si dawa. Ni ukatili. Sala ni njema, na Sakramenti ni nguvu ya roho, lakini hazimkatazi mtu kwenda kwa mganga. Mwenye malaria husali na kumeza dawa. Mwenye huzuni nzito afanye vilevile.

Huko Geel, mji wa Ubelgiji wenye kumheshimu Mtakatifu Dimpna, tangu zamani za kati wakulima waliwapokea wagonjwa wa akili nyumbani mwao. Wagonjwa walikula meza moja na watoto wa nyumba, wakasaidia kazi za shamba kadiri walivyoweza. Mwaka 1938 walikuwa zaidi ya 3,000 katika nyumba za mji huo. Watu wale hawakuwa mabingwa wa tiba. Walikuwa na kiti kimoja zaidi mezani, na kazi ndogo ya kumpa mgeni. Katika mji wa Gent wa nchi ile ile, Padri Petrus Jozef Triest alianzisha mwaka 1807 shirika la Mafurere wa Karita, nao wakajitoa kuwatunza wagonjwa wa akili pasipo minyororo. Mafurere hao walifika Afrika pia. Bukavu walifungua hospitali ya Sosame, Ndera karibu na Kigali wana hospitali, na Bujumbura wana nyumba ya Kamenge. Basi, njia ipo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini anayeyasema mapema hupata msaada.

Mkatekumeni anajitayarisha kuoshwa kwa maji ya Ubatizo na kuwa kiungo cha mwili mmoja. Kiungo kimoja kikiumwa, mwili wote huumwa. Hawezi kusema: mguu ni wangu, maumivu ni yake.

Maswali na majibu

Swali: Je, mtu aliyechoka moyo hata akatamani kufa ametupwa na Mungu?
Jibu: Hapana. Nabii Elia alitamani kufa, na Mungu alimpelekea malaika na chakula.

Swali: Dawa za Mungu kwa Elia zilikuwa zipi?
Jibu: Usingizi, chakula, kusikilizwa, sauti ya upole, mwenzi wa kazi, na kazi iliyolingana na nguvu zake.

Swali: Msimamizi wa kazi ana wajibu gani?
Jibu: Apime mzigo, alipe kwa haki, ape pumziko, aondoe hatari, asitukane, aulize kabla ya kuhukumu, na amrudishe mgonjwa kazini polepole.

Swali: Mwenzi wa kazi afanye nini?
Jibu: Aone, aulize, asikilize, asimwache mtu peke yake, na ampeleke kwa wenye kutibu.

Swali: Kijiji kikatae nini?
Jibu: Kikatae kamba, kipigo, dhihaka na mashitaka ya uchawi.

Kusudi la juma hili

Kila mkatekumeni amchague mtu mmoja anayefanya kazi naye, shambani, kwenye matofali, njiani au nyumbani, na hasa yule aliyeanza kunyamaza. Amwendee jioni, asiende mikono mitupu. Achukue hata hindi moja la kuchoma. Aketi. Aulize hali, angoje jibu, wala asiondoke upesi. Na usiku, kabla ya kulala, asali kwa maneno haya au mengine: Ee Mungu, uliyemwandalia Elia mkate chini ya mti, wape pumziko wote waliochoka kwa kazi yao, na ikiwa malaika hakuonekana kijijini petu, utume sisi. Amina.